Kabureta ya Clovis Cyr

Kabureta ilikuwa imetolewa ziwani miaka ishirini na sita iliyopita, lakini Ovide Bujold alipoigeuza juu chini kwenye meza yake ya kazi, ilimwaga maji. Hayakuwa matone. Yalikuwa maji meusi yenye harufu ya tope la ziwa, yakafurika mezani na kumlowesha viatu, na kabureta yenyewe haizidi ngumi ya mtu mzima. Ovide aliitazama, akatazama viatu vyake, kisha akafanya kile wanachofanya wanaume wa kijiji chetu cha Sainte-Ludivine wakiona jambo lisiloelezeka. Alichukua kitambaa akafuta.

"Umemwaga nini tena humo?" aliuliza mkewe Rolande, akiwa mlango wa jikoni unaoingilia gereji.

"Maji."

"Yametoka wapi?"

"Kwani mimi bomba? Funga mlango, mama, joto linatoka."

Ovide hakuwa mjinga. Alikuwa king'ang'anizi, na kwa maoni yangu hilo ni baya zaidi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akifufua pikipiki ya theluji ya marehemu baba yake, ile ya manjano ya mwaka sitini na saba, yenye silinda moja. Skii zake alizikuta kwenye banda la kuku la mtu, zimefanywa ngazi ya kuku kulalia. Mkanda wa raba, ule mpana wenye meno unaozunguka chini na kuisukuma mashine, ulimjia kwa treni kutoka Manitoba. Kilichobaki kilikuwa kabureta, na aina ile ilitengenezwa kwa msimu mmoja tu. Alipigia simu wauza vyuma chakavu wote kuanzia pwani yetu hadi Abitibi. Wengine walimcheka, mmoja alimwambia akamuulize Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vilivyopotea.

Wakati wote huo alijua iko moja. Sote tulijua. Ilikuwa kwa Mama Cyr, kwenye mashine iliyomuua mumewe.

Clovis Cyr alizama na mashine yake Ziwani Baribeau mwezi Machi, barafu ilipopasuka. Wazamiaji waliitoa mwezi Mei. Clovis hawakumwona. Walichokikuta ni glavu yake, imeng'ang'ania ekseleta, na ndani ya glavu mlikuwa na mkono. Kwetu mashine ya aliyezama haiguswi. Huachwa nyuma ya banda ioze, wala hakuna anayefungua hata skrubu moja, kwa sababu ziwa lile lina mwenyewe, anayewamiliki waliozama humo, na chochote kinachotolewa majini hupanda naye. Padre anamwita pepo mchafu. Mimi namwita jini, na sina haja ya kubishana na padre.

Ovide alikwenda kwa Mama Cyr Alhamisi, akiwa na spana mfukoni. Mjane hakutaka hata senti.

"Chukua," alimwambia. "Ila ukishaitoa hapa, usinirudishie."

Ovide alirudi nyumbani akipiga mluzi. Jumapili, baada ya misa, mashine kuukuu zote zingepita mbele ya kanisa kama kila mwaka, na alikuwa amemwahidi baba yake, kitandani pa mauti, kwamba ile ya manjano itapita tena. Rolande alimsihi. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja, hawakujaliwa mtoto, na duniani hakuwa na mwingine ila mzee huyu mwenye kucha nyeusi za grisi.

"Ovide, afadhali uitembeze kwa kuisukuma. Nitakusaidia kusukuma mimi mwenyewe."

"Mbele ya kina Gallant na mashine zao zote nzima? Wanicheke mpaka kaburini? Thubutu!"

Jumamosi kulikuwa na dhoruba ya theluji. Saa sita mchana Ovide alifunga skrubu ya mwisho. Mashine ilikuwa juu ya stendi, nyuma imeinuliwa ili mkanda uzunguke hewani. Tangi lilikuwa tupu. Alitaka tu kuvuta kamba mara mbili tatu asikie pistoni. Mbwa wao, Filou, aliyekuwa akilala gerejini kila siku, alisimama kizingitini akitetemeka, akajikojolea.

Ovide alivuta kamba. Injini ilikohoa, lakini si kama injini. Ilikohoa kama mtu aliyepaliwa na maji.

"Umesikia?" Rolande alinong'ona, amesimama mlangoni.

"Nimesikia."

"Basi iache. Nakuomba."

Alivuta tena, na safari hii kamba ilimvuta yeye, ikarudi ndani kwa nguvu kiasi cha kuubamiza mkono wake wa kushoto kwenye boneti, na vidole viwili vikavunjika kwa mlio uliosikika hadi jikoni. "Kalisi! Tabernakulo!" alifoka, maana sisi hutukana kwa vyombo vya altareni, na Mungu ameshatuzoea. Injini ikanguruma, bila petroli, ikitema maji kwenye ekzosi.

Rolande alikimbilia kabureta aing'oe. Ovide alimpiga kofi. Hakuwahi kumgusa hata siku moja, na sasa alimpiga mpaka jino likatoka, na kiganja kilichompiga kilikuwa baridi na kimelowa. Alipoona damu mdomoni mwa mkewe alianza kulia, akisema, "Si mimi, Rolande, wallahi si mimi," naye akamwamini, na hapo ndipo alipoogopa kwelikweli.

Filou, ambaye hofu ilikuwa imemshinda lakini mapenzi hayakumshinda, aliruka kumtetea Rolande, akateleza kwenye maji, mkanda ukamdaka mguu, ukamvuta chini ya mashine na kumsaga mbele ya macho yao huku akibweka, kisha akilia, kisha bila sauti yoyote, na Ovide, bila kufikiri, akaingiza mkono wa kulia amtoe, na meno ya mkanda yakaukamata mkono ule, yakauvuta hadi kwenye kiwiko, yakichana koti, ngozi na nyama, na kila alipojivuta nyuma injini ilizidi kunguruma, na ndani ya ngurumo ile Rolande alisikia pumzi ya mtu anayekazana kupanda kutoka mahali pa chini sana. Alinyakua shoka la kuni. Alikata bomba na nyaya, akaipiga kabureta hadi ikang'oka na kuanguka sakafuni, na injini ikanyamaza.

Damu ya Ovide ilirukia ukutani. Rolande aliuchomoa mkono, akauzonga kwa taulo, akavuta simu kwa waya wake mrefu hadi sakafuni. Watu wa gari la wagonjwa walisema barabara ya pwani imefungwa na theluji, labda baada ya saa moja na nusu. Ovide hakuwa na hata robo saa. Basi akampigia Mzee Euclide.

Euclide ni msimamisha damu. Hahitaji kukuona, hata manesi wa hospitali humpigia kimyakimya. Huomba maneno yake aliyorithi, na damu hukauka. Sharti ni moja, na kwetu mtoto hulijua kabla ya kujua Baba Yetu: hashukuriwi. Anayeponywa akitamka ahsante, kazi inavunjika, na Euclide hawezi kuirudia.

"Jina lake lote," Euclide alisema.

"Joseph Ovide Bujold. Mkono wa kulia. Fanya haraka, baba, anakwisha!"

"Amekatwa na nini?"

Rolande alimeza damu yake. "Kabureta ya Clovis."

Euclide akanong'ona, "Itoe nje. Ipondeponde mpaka mama yake asiitambue. Mimi naanza kuomba. Ukirudi, usiseme neno, usikate simu mpaka nikuambie."

Aliitoa nje, akaiweka juu ya jiwe, akaiponda kwa kichwa cha shoka huku theluji ikimpiga usoni. Ililia. Aliiponda mpaka ikawa vipande, akavitawanya kwa teke, akarudi ndani akikimbia.

Damu ilikuwa imekauka. Taulo halikuongeza hata tone. Rangi ilikuwa inarudi mashavuni mwa Ovide, na Rolande alipiga magoti kando yake akalia kwa furaha, akiwa ameuma midomo yake iliyopasuka ili neno lile lisimponyoke. Aliinua mkono wa simu akauweka kati yao, asikie Euclide akisema wamemaliza.

Ovide alifumbua macho.

"Ahsante sana, Euclide," alisema kwa adabu, karibu kabisa na simu.

Haikuwa sauti yake.

"Rolande," Euclide aliita, akihema. "Rolande, huyo ni Clovis. Nimeimba naye kwaya miaka tisa. Ondoka hapo!"

Hakuondoka. Damu ilikuwa imefumuka upya, naye alikuwa ameulalia mkono ule kwa uzito wake wote, akiita jina la mumewe. Ovide alimtazama kwa upole. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, wenye vidole viwili vilivyovunjika, akabonyeza kitufe cha simu, akaikata.