Aliyefukuliwa Kitabuni

Mama Riwaya alikuwa jirani wa shangazi yangu, ukuta kwa ukuta. Jina hilo alibandikwa mtaani kwa sababu ya vitabu vyake. Aliandika habari za vita hadi wasomaji wakaapa kwamba alishika bunduki, kumbe aliogopa hata panya. Vita alivijua kwa mdogo wake, Kimya, aliyerudi kutoka huko mzima wa mwili, maneno yakiwa ya kuhesabu.

Kisa kimoja tu Kimya alimsimulia. Handaki liliporomoka likamfukia rafiki yake. Akawa anamsikia chini ya udongo, anaomba hewa. Amri ikatoka: rudini nyuma. Wakamwacha akiwa bado anaita.

Mama Riwaya alikiandika kisa hicho, ila mwisho akaubadili. Kitabuni, Kimya anakaidi amri, anachimba kwa mikono, rafiki anatoka hai. Alidhani ni dawa. Na kweli, Kimya alipokisoma alicheka, kicheko ambacho dada yake alikuwa amekisahau.

Basi adhuhuri moja, jua likiwa kali, Mama Riwaya alikuwa jikoni anamenya vitunguu. Akasikia kitu kinagonga chini ya sakafu. Akadhani ni bomba. Akafunga maji, lakini sauti haikukoma. Akainama, akaweka sikio kwenye saruji.

Saruji ilikuwa na joto, kama kifua cha mtu.

"Umeandika nimetoka," sauti ikanong'ona. "Mbona bado niko huku?"

Kisu kikamponyoka. Alimpigia simu mdogo wake, akamwambia neno moja tu: "Njoo."

Kimya alifika, akasimama mlangoni. Uso ulimsawajika palepale.

"Unamsikia, mdogo wangu?"

"Sijawahi kuacha kumsikia, dada. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu mwingine kumsikia."

Akaenda kuazima sururu kwa shangazi yangu. Akavunja sakafu. Akachimba hadi kiunoni, shati limemganda mgongoni, kucha zinavuja damu. Mama Riwaya alimsihi aache. Hakuacha. Sauti ilikuwa inazidi kudidimia. Kila akichimba, nayo inashuka. Mwisho ikanyamaza.

Shimoni hapakuwa na kitu. Udongo mtupu.

Kimya akakaa humo, akalia kwa sauti kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Dada yake akashuka, wakakumbatiana ndani ya shimo.

"Nisamehe," Mama Riwaya akasema. "Nilimtoa kwa kalamu, nikadhani inatosha."

"Ulinihurumia mimi tu, dada. Yeye ndiye hakuhurumiwa."

Jioni fundi alikuja, akafukia, akamwaga saruji mpya, akailainisha ikawa kama kioo. Akaonya mtu asiikanyage. Kimya akalala chumba cha pili, mkabala na jiko. Alilala fofofo, bila kuweweseka hata kidogo.

Asubuhi fundi ndiye aliyetangulia kuingia jikoni. Akaanza kufoka: "Si niliwaambia!"

Mama Riwaya akaja mbio. Akatazama.

Kwenye saruji palikuwa na nyayo. Zilianzia katikati kabisa, pasipo na alama ya mtu aliyeingia. Zilielekea upande mmoja tu, kwenye mlango wa chumba alicholala Kimya. Hazikurudi.

Unyayo wa kulia ulikuwa wa buti. Wa kushoto ulikuwa mtupu, vidole vyote vitano vimejichora.

Kimya akatoka chumbani, akasimama, akaangalia ule unyayo mtupu kwa muda mrefu.

"Siku ile handakini nilimshika mguu, dada," akanong'ona. "Nikavuta. Kiatu kikabaki mkononi mwangu. Sikumwambia mtu. Hata wewe."