Chaneli Saba ni ya Mji

Lucienne Pomerleau alikuwa mpishi wa shule ya msingi katika mji wa Tarrow Falls, jimbo la Maine. Asubuhi alipika chakula cha watoto mia mbili. Saa nane mchana alivua aproni yake, akavaa koti na viatu vya theluji, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Nyumbani alimkuta mama yake, Aurore, ameketi jikoni mbele ya televisheni.

Aurore alikuwa na miaka themanini na minne. Miguu ilikuwa imemchoka. Wakati wa baridi hakutoka kabisa. Lakini hapakuwa na jambo la mjini asilolijua. Alijua nani amefariki, barabara gani imefungwa, na diwani gani amesinzia kikaoni. Yote hayo aliyapata kwenye chaneli saba, chaneli ya mji.

"Diwani Whitcomb leo kasema uongo mara tatu," alimwambia binti yake. "Nimemhesabia."

"Mama, wewe ungekuwa polisi."

"Ningekuwa jaji, mwanangu. Polisi wanasimama sana."

Siku moja ya mwezi Machi, Lucienne aliingia akamkuta mama yake anabonyeza rimoti kwa hasira. Kwenye chaneli saba palikuwa na mwanamke mwenye kucha ndefu akiuza mikufu.

"Baraza liko wapi?" Aurore aliuliza. "Huyu ni nani? Mwondoe huyu!"

Lucienne alipiga simu kwenye kampuni ya kebo. Alisikiliza muziki wa kusubirishwa hadi viazi vikaiva. Mwishowe kijana mmoja akajibu kutoka mji wa mbali.

"Chaneli ya mji wenu imehamia mia tisa themanini na tatu, mama," alisema. "Ili kuipata unahitaji king'amuzi kipya."

"Sisi tunapata kebo moja kwa moja kutoka ukutani. Miaka yote imekuwa hivyo."

"Ndiyo, mama. Sasa unahitaji king'amuzi."

"Nani kaamua?"

"Ni kampuni, mama. Je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

Lucienne aliweka simu chini. Alikuwa amechoka, na kesho yake kulikuwa na watoto mia mbili wa kulisha. "Ndivyo walivyo wakubwa," alisema. "Tutafanyaje?" Wakala viazi vyao, na Aurore akazima televisheni mapema.

Wiki mbili baadaye bomba kubwa la maji lilipasuka karibu na mto. Ilikuwa Jumamosi, shule imefungwa. Ofisi ya mji ilitoa tangazo siku ile ile kwenye chaneli yake: wakazi wa upande wa mashariki wasinywe maji kabla ya kuyachemsha. Tangazo lile lilirudiwa kutwa. Lakini upande wa mashariki ndiko walikokaa wazee wengi, na wengi wao hawakuwa na king'amuzi. Wao waliona mikufu.

Lucienne, mtu wa kahawa, hakudhurika, lakini Aurore aliyanywa maji yale mabichi siku mbili. Jumatatu alianza kuharisha na kutapika. Kufikia mchana midomo yake ilikuwa imekauka, na alimwita Lucienne kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Gari la wagonjwa likaja kumchukua.

Hospitalini muuguzi alimtundikia dripu. "Hamkuona tangazo?" aliuliza. "Lilikuwa kwenye chaneli ya mji."

Lucienne alimtazama mama yake, amekuwa mdogo ndani ya shuka kama mtoto. Ndipo hasira ikampanda. Haikuwa hasira ya kupiga kelele. Ilikuwa ile ya kimya, ambayo mtu hulala nayo na kuamka nayo.

Aurore alipona, akarudi nyumbani siku ya nne. Jioni hiyo jirani yao, Hollis Tibbetts, alikuja na sufuria ya supu ya samaki. Hollis alikuwa mzee wa miaka sabini. Alifanya kazi ya kupanda nguzo na kufunga nyaya maisha yake yote. Lucienne alimsimulia mambo yote, kisha akasema, "Nitaivunja hiyo televisheni, mzee Hollis. Na mkataba na kampuni naukata."

"Ukiukata, watalia?" Hollis aliuliza.

"Hawatalia."

"Basi usiukate. Niambie, nyaya zao zimepita wapi?"

"Kwenye nguzo. Hapo barabarani."

"Barabara ya nani?"

Lucienne alifikiri. "Ya mji."

"Ya mji, yaani yako na yangu. Kampuni haiwezi kupitisha waya hata mmoja bila ruhusa ya mji. Ruhusa hiyo imeandikwa kwenye mkataba wa miaka kumi. Wao wanatumia barabara zetu kufanya biashara. Sisi tunawapa masharti. Sharti mojawapo ni chaneli ya umma. Kampuni haikutupa zawadi. Ni haki iliyoandikwa."

"Na hayo masharti nani anayasimamia?"

Hollis aliangalia supu yake. "Kamati ya kebo. Tulikuwa watu watano. Mmoja alifariki, wawili walihama. Tumebaki wawili, na hatujakutana kwa miaka miwili. Nisikufiche, tulilala. Kampuni ikaona mlinzi amelala, ikaingia."

Aurore, aliyekuwa amejifunika blanketi, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Basi amka, Hollis. Mimi nimeshaamka."

Kesho yake Hollis na Lucienne walikwenda ofisi ya mji. Lucienne alidhani watafukuzwa. Karani aliwapa mkataba bila hata kuuliza wanautakia nini. "Ni waraka wa umma," alisema. "Kila mtu ana haki ya kuusoma."

Waliusoma mezani, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye kifungu cha kumi na nne Lucienne aliweka kidole, akasoma kwa sauti: "Chaneli ya umma itamfikia kila mteja bila kifaa cha ziada. Kampuni haitaihamisha kabla ya kuuarifu mji kwa maandishi, siku sitini mapema."

"Waliarifu?" aliuliza.

Karani alipekua faili. "Hakuna barua."

"Sasa sikiliza," Hollis alisema. "Mkataba huu unakwisha Oktoba. Kampuni inaomba mwingine wa miaka kumi. Kabla mji haujatia saini, lazima kuwe na kikao cha kusikiliza wananchi. Ni tarehe ishirini na mbili Mei. Hapo ndipo neno lako lina uzito."

"Nitawaambia pia wapunguze hayo matangazo. Na waache kuonesha sinema za kishenzi."

"Hapo hapana. Mji hauwezi kuwachagulia vipindi vyao. Tukidai tusichokuwa na haki nacho, watatucheka na kushinda. Tudai kilicho chetu: chaneli, studio, mafunzo, na huduma nzuri kwa wateja. Na malalamiko yawe kwenye karatasi. Jina, mtaa, tarehe, kilichotokea. Maneno matupu hupeperuka."

Tangu siku hiyo, Lucienne akimaliza kazi shuleni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita mlango kwa mlango na daftari. Watu wengine walimfungia mlango. Wengine walimkaribisha kahawa. Bibi mmoja alisema alikosa misa ya mazishi ya kaka yake, iliyooneshwa kwenye chaneli ile. Mzee mmoja aliugua kwa maji kama Aurore. Lucienne aliandika vyote, na kila mmoja akatia saini yake.

Nyumba moja aliiruka mara tatu. Ilikuwa nyumba ya Roscoe Dyer. Roscoe alikuwa na kipindi chake kila Alhamisi kwenye chaneli ya mji. Aliwasema madiwani, aliwasema walimu, alimsema kila mtu. Mwaka uliopita alisema maharage ya shule yangefaa kuziba mashimo ya barabara. Mji mzima ulicheka. Lucienne hakucheka.

"Yule simwendei," alimwambia Hollis. "Chaneli ikirudi, yeye abaki nje."

"Nani atamweka nje? Wewe?"

"Baraza."

"Siku baraza likiwa na uwezo wa kumtoa Roscoe, siku hiyo lina uwezo wa kukutoa wewe. Chaneli ya umma ni ya mkazi yeyote. Anajiandikisha, anafundishwa kamera, anasubiri zamu yake, anasema lake. Akivunja sheria, ashtakiwe. Lakini kuudhi watu si kosa. Ingekuwa kosa, mama yako angekuwa jela."

Lucienne alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alibisha kwa Roscoe.

"Umekuja kunipiga?" Roscoe aliuliza, ameshika mlango.

"Nimekuja na karatasi. Maharage tutayazungumza siku nyingine."

Roscoe alisoma, akatia saini. Kisha akasema polepole, "Yalikuwa maneno mabaya yale. Mpishi hafanyi kosa kwa kupika alichopewa."

"Yaseme hayo kwenye chaneli," Lucienne alijibu. "Ukiipata."

Siku tatu kabla ya kikao, diwani Norman Whitcomb alimfuata Lucienne kwenye maegesho ya shule. Alikuwa mtu mpole wa maneno.

"Bi Pomerleau, nimesikia kazi yako. Naweza kukusaidia. Kampuni iko tayari kurudisha matangazo ya ofisi ya mji kwenye saba. Dharura na vikao tu. Vipindi vya watu binafsi viachwe. Mama yako atapata tangazo lake. Wewe utapumzika."

Lucienne alisimama na funguo mkononi. Alikuwa amechoka kweli kweli. Jambo aliloligombania lilikuwa hapo mbele yake. Aliwakumbuka watu sitini na mmoja waliotia saini kwenye daftari.

"Na bibi aliyetaka misa ya kaka yake?" aliuliza. "Misa ile ilirekodiwa na binamu yake, si na ofisi ya mji."

"Huwezi kumridhisha kila mtu."

"Siwaridhishi, bwana diwani. Nasoma kifungu cha kumi na nne. Hakisemi chaneli ya baraza. Kinasema ya umma."

Tarehe ishirini na mbili Mei ukumbi wa mji ulijaa. Mwakilishi wa kampuni, mwanamke nadhifu aitwaye Bi Keating, aliongea kwanza. Alionesha picha nzuri ukutani. "Utafiti wetu unaonesha watazamaji wa chaneli hii ni wachache," alisema. "Na king'amuzi ni kifaa rahisi."

Mwenyekiti wa baraza, Marjorie Fogg, aliita jina la Lucienne. Lucienne alisimama. Alilelewa akizungumza Kifaransa nyumbani, na mpaka leo Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi ya kuchekwa. Alifungua daftari.

"Jina langu Lucienne Pomerleau, mtaa wa Cutler. Nina maelezo ya watu sitini na mmoja. Yote yana tarehe." Alianza kusoma. Hakupiga kelele, hakutukana. Alisoma mtaa, jina, kilichotokea. Alipofika kwa mama yake akanywa maji, akaendelea.

Mwisho akamgeukia Bi Keating. "Unasema watazamaji ni wachache. Mlango wa dharura hutumiwa na wachache pia. Mbona hatuuzibi? Na kabla ya kuihamisha mlitakiwa kutuma barua. Naomba kuiona hiyo barua."

Bi Keating aliangalia makaratasi yake. Akamnong'oneza mwenzake. "Nitahitaji kufuatilia hilo," alisema.

"Sisi tumeshafuatilia," alisema Hollis kutoka safu ya nyuma. "Haipo."

Watu kumi na tisa waliongea baada yake. Roscoe naye aliongea, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimaliza kabla ya muda kwisha. Kisha baraza likapiga kura. Madiwani wanne dhidi ya mmoja walikataa kuweka saini hadi kampuni irekebishe kosa na kukubali masharti ya mji.

Kampuni haikukubali mara moja. Mazungumzo yalichukua majira yote ya joto. Lucienne aliteuliwa kwenye kamati ya kebo pamoja na watu wengine wawili, na kila Jumanne walikutana na mwanasheria wa mji. Mara mbili kampuni ilisema haiwezekani. Mara mbili Lucienne alifungua mkataba wa zamani na kusema, "Iliwezekana miaka kumi."

Oktoba saini zikawekwa. Chaneli ya umma ilirudi kwenye namba saba, katika kila nyumba, bila king'amuzi. Kampuni ilikubali kutunza studio ndogo kwenye shule ya zamani, yenye kamera na mwalimu wa kufundisha wakazi. Malalamiko ya wateja yangejibiwa kwa maandishi ndani ya siku kumi. Na kamati ingekutana kila baada ya miezi mitatu, milango wazi, ili isilale tena.

Lucienne alijiandikisha kwenye mafunzo ya kamera. Mwanzoni alipiga picha viatu vya watu. Kufikia Februari aliweza kushika zamu peke yake, na zamu yake ya kwanza ilikuwa kikao cha baraza cha alasiri.

Katikati ya kikao likaja suala la kuuza uwanja wa wazi karibu na mto. Diwani Whitcomb alikohoa, akageuka.

"Jambo hili lina maneno mengi," alisema. "Naomba kamera izimwe kwa dakika chache, tuongee kwa uhuru."

Mwenyekiti Fogg alimtazama Lucienne. Lucienne alisawazisha picha, akahakikisha uso wa diwani umekaa katikati.

"Kikao hiki ni cha wazi, bwana diwani," alisema. "Ongea tu. Tunakusikia vizuri."