Kiti Kilichoitikia Shikamoo

Mwenye mtoto mchanga amfunike kwanza, ndo asikilize.

Tandale, nyuma ya soko, kulikuwa na kiti hakikaliwi. Kiti cha mninga, kimechongwa Keko kwa maseremala, mwenyewe Mzee Marijani, balozi wa nyumba kumi. Zamani Mheshimiwa mmoja mkubwa alikuja kufungua bomba la maji, jua likamshinda, akaingia sebuleni kwa Marijani, akakaa pale, akanywa maji, akaenda zake. Basi. Toka siku hiyo hakuna tako lililokigusa. Marijani kakitandikia kitambaa cheupe, juu yake ukutani katundika picha ya Mheshimiwa kakunja nne, na kila Alhamisi alasiri anakifukiza udi utasema bibi harusi. Watu wa nyumba wanapita wameinama: "Shikamoo, Mheshimiwa." Hata mkewe, Bi Tunu, na magoti yake yale mabovu.

Vyama vingi vilipoingia ndo akazidi. Ukija akuamulie ugomvi wa uzio, uanze na kukiamkia kiti. Usipokiamkia, wewe mpinzani.

Mwanawe Hija alikuwa dereva wa malori, mtu wa safari. Mke wa Hija, Shamimu, ndo kabaki pale na kichanga chake, Farhan. Siku moja akaanika nepi kwenye kile kiti, na udi unafuka. Weee!

"Unamvika Mheshimiwa nepi?" Marijani akafoka.

"Baba, kamba imejaa, na kiti kipo bure."

"Bure? Kina mwenyewe hicho! Mwenyewe akija atakaa!"

Bi Tunu akamwita mkwewe mvivu, Shamimu akanuna, wakalala hawajasemezana. Lakini kuna maneno hayasemwi moshi wa udi ukiwa juu; ukisema mwenyewe aje akae, yupo anayesikia.

Mchana mmoja, jua la utosi, Shamimu anafagia sebule, mtoto mgongoni. Akapita mbele ya kiti. Mazoea tu: "Shikamoo."

"Marahaba. Mlete."

Akadhani redio. Redio ilikuwa haina betri. Mara harufu ikamjia, sio ya udi, ya manyoya yanayoungua. Akakimbilia uani.

"Mama, kiti kimeniitikia."

Bi Tunu hakumtukana. Aliacha kukuna nazi. "Kimesemaje?"

"Marahaba. Halafu kikasema nimlete. Nimlete nani, mama?"

Wote wawili wakamtazama Farhan. Mtoto wa kushikiwa shingo, lakini kaigeuza mwenyewe kuelekea sebuleni, macho hayapepesi.

Kutoka hapo akakataa ziwa. Halii, hanyonyi, kazi yake kutazama mlango wa sebule, na mwili unazidi kuwa mwepesi kama kanga iliyokauka juani. Marijani alipoambiwa, uso ukamng'aa.

"Mheshimiwa katukumbuka! Anataka kumpakata mjukuu wangu. Nyumba gani Tandale imepata heshima hiyo?"

"Baba Hija," Bi Tunu akanong'ona, "Mheshimiwa yuko hai. Juzi nimemsikia kwenye redio ya jirani, yuko ziarani huko bara. Sasa huyo aliyeitikia ni nani?"



Wakamleta Bi Badriya, fundi wa mashetani kutoka Kunduchi. Aliingia sebuleni, hakuinama. Akakisimamia kiti, mkono kiunoni.

"Umeingiaje nyumba ya watu?"

Sauti ikatoka chini ya kitambaa, ya upole kabisa. "Sikuingia, mama. Nimekaribishwa. Nimetandikiwa, nimefukizwa, nimeamkiwa na wakubwa na wadogo. Sasa nipeni mtoto nimpakate."

Na kitambaa kikabonyea katikati, taratibu, kama kinavyobonyea mtu mnene anapojiweka vizuri, mbao zikalia, harufu ya manyoya ikajaa mpaka machozi yakawatoka, na Farhan mikononi mwa mama yake akainua vijikono vyote viwili kuelekea pale, kama anayetaka kubebwa.

"Aliyekitoa kwa mgeni huyu ndo akikalie," Bi Badriya akamwambia Marijani. "Kwa dharau! Kaa kama unakaa kwenye kinu. Sema, kiti changu hiki, nimechongesha Keko. Usiombe, usiiname. Ukikiheshimu hata chembe, mie simo."

Marijani akarudi nyuma. "Nimkalie Mheshimiwa?"

"Baba, mwanangu anakufa!" Shamimu akamwangukia miguuni. "Kaa tu, baba. Ni kiti!"

Akaenda. Akaenda anajikokota, anatazama picha, anatazama mjukuu, anafuta jasho kwa kofia, akafika, akageuka, akashika mikono ya kiti, na kile kinywa kilichozoea miaka yote hiyo kikajisemea chenyewe, kwa sauti ndogo, mtu anakaa huku anasema:

"Samahani, Mheshimiwa."

Akakaa. "Kiti changu hiki. Nimechongesha Keko."

Farhan akalia! Kilio cha njaa, kilio kitamu. Shamimu akamtia ziwa mdomoni, akanyonya mpaka anapaliwa. Harufu ikakatika. Bi Tunu akamkumbatia mkwewe, wanacheka na kulia. Bi Badriya peke yake hakucheka. Alikusanya vyetezo vyake haraka haraka, akatoka bila kuaga.

"Haya, Baba Hija, inuka ukale," Bi Tunu akasema, anafuta macho.

Marijani hakuinuka. Akajiegemeza, akakunja nne, vilevile kama picha ya ukutani, akamtazama mkewe kwa macho yasiyopepesa.

"Marahaba," akasema.

Na hakuna aliyekuwa amemwamkia.