Nilimzika Mama Mdogo Angali Hai kwa Ajili ya Shahada

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na sita, mjane, naishi Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, Madagaska. Kazi yangu ni kuwafundisha wasichana wanaowachezea watalii ngoma mahotelini. Ndiyo, mwenye shahada ya pili ya ngoma kutoka Ufaransa! Kiswahili hiki nimekipata ukubwani, kwa marehemu mume wangu aliyekuwa mtu wa Tanga, kwa hiyo nikiteleza mnivumilie. Huku kwetu watu husema Kimalagasi, na sisi wenye asili ya Ngazidja, kisiwa cha Komoro, tuna Kingazija chetu cha nyumbani. Nimechagua Kiswahili kwa sababu ya woga tu. Majirani zangu hawatakisoma.

Nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka thelathini. Sijapata kumsimulia mtu lote, hata mume wangu. Leo naomba mnisikilize, na mkishamaliza, mnihukumu mtakavyo.

Mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Nililelewa Mahajanga, mji wa bandari ng'ambo ya hapa, na mdogo wake, mama mdogo Mwanaesha. Alikuwa kiongozi wa ngoma ya ndani, ngoma ya kinamama ya harusi, inayochezwa chumbani mbele ya bibi harusi. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mkali wa maneno, lakini akianza kucheza ungedhani miguu yake haigusi mkeka! Ngoma ile ina milango mitatu, yaani sehemu tatu. Wa kwanza ni wa kuingia, wa pili ni wa mabega, na wa tatu ni wa kumuaga bibi harusi. Milango miwili ya mwanzo utafundishwa ukiomba. Wa tatu hupewi mpaka uwe umesimama nyuma ya kiongozi mwaka mzima, harusi baada ya harusi, umemshikia leso yake, hujacheza hata hatua moja. Ndiyo desturi, na haina njia ya mkato.

Mama mdogo alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, Abdou.

Nilikuwa na miaka kumi na minane zilipotokea zile ghasia za Mahajanga, Wangazija wakauawa, na wengi wa waliosalia wakapakiwa melini kupelekwa Komoro. Siku zile mimi na mama mdogo tulikuwa Dzamandzar, hapa Nosy Be, kwenye harusi ya binti wa fundi wa kiwanda cha sukari. Mumewe na Abdou walikuwa wamebaki Mahajanga. Abdou alikuwa na miaka kumi na minne. Habari ilipotufikia, wao walikwisha ondoka... Yeye anacheza harusini, na mwanawe anapandishwa meli! Alijilaumu kwa hilo maisha yake yote.

Mumewe alifia Ngazidja. Abdou alikulia kwa baba zake wadogo, kisha akavuka hadi Marseille, Ufaransa, akawa mpishi kwenye meli za mizigo. Barua zake zilikuja kwa nadra. Mara akahama chumba alichopanga, barua ya mama yake ikarudi, na tangu hapo wakapotezana.

Mambo yalipotulia, mama mdogo alirudi Mahajanga kwenye nyumba ileile. Ndugu zetu wa Nosy Be walimsihi abaki nao, akakataa katakata. Alisema, "Abdou anaijua nyumba hii tu. Akinitafuta, atakuja hapa." Hakutaka kingine duniani. Alitaka kumwona mwanawe.

Miaka ya themanini ikielekea mwisho nilipata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya ngoma kusini mwa Ufaransa. Nilijiona nimefika! Darasani tulikuwa kumi na mmoja, kila mtu na nchi yake: Mkorea, Mbrazili, Msenegali, mwanamke wa Kihindi aliyenizidi umri, Mpolandi... Profesa wetu, mama mmoja mwembamba asiyechoka, alisema amechoka kuona ngoma za Ulaya zikiitwa ngoma na za wengine zikiitwa mila. Kwa hiyo kila mmoja wetu arudi kwao, ajifunze ngoma moja kwa mwalimu wa kwao, aiandikie tasnifu, kisha aicheze mbele ya watu.

Nikaenda Mahajanga. Mama mdogo alinipokea kwa vigelegele. Kwa wiki tano alinipa mlango wa kwanza na wa pili, akinipiga magotini kwa mwiko kila nilipokosea. Nilipoomba wa tatu, akacheka.

"Umesimama nyuma ya nani?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba likizo inakwisha, na kwamba huko chuoni hakuna mwaka wa kushika leso.

"Basi wachezee miwili," akasema. "Mwambie mwalimu wako kwamba mlango wa tatu haujaiva."

Ningefanya hivyo tu, jamani! Profesa angeelewa, tena pengine angefurahi kuandikiwa habari ya desturi ile. Lakini mimi nilikasirika. Nilimwona mama mdogo mtu wa kale anayenibania riziki. Niliondoka nimenuna, hata mkono sikumpa vizuri.

Mlango wa tatu nikautunga mwenyewe. Mikono nilimwibia yule Mhindi, shingo nikamwibia Mkorea, na mwisho wa kupiga magoti nikauchukua kwa Mbrazili. Nikaushona pamoja nikauita wa mababu zetu. Na mnajua profesa alisema nini? Alisema hapo kwenye mlango wa tatu ndipo alipoisikia roho ya kisiwa chetu! Niliinamisha kichwa kana kwamba naona haya ya kusifiwa.

Wiki chache baadaye profesa aliingia darasani anang'aa. Chuo kimepata tiketi za ndege, kitawaleta walimu wetu wote waje kwenye onyesho la mwisho, wakae majuma mawili. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nikaanza kupiga hesabu. Kutoka pale hadi Marseille ilikuwa saa moja kwa treni, ingawa mimi mwenyewe sikuwa nimekwenda kumtafuta Abdou. Mama mdogo angekuja, angemtafuta mwanawe, angempata! Nililijua hilo, msidhani sikulijua. Lakini angekaa pia kwenye kiti cha mbele, angeuona mlango wangu wa tatu, na angesema. Yule mama hakuwa mtu wa kunyamaza.

Profesa alipofika kwangu akaniuliza jina kamili la mwalimu wangu kwa ajili ya tiketi.

Nikasema, "Amefariki."

Kwa nini nisiseme anaumwa? Kwa sababu wangengoja apone. Nimejiuliza mara ngapi, na jibu ni hilohilo la aibu. Profesa alinikumbatia, machozi yakamtoka. Nami nikalia, Mungu anisamehe, nikalia kweli kweli.

Kwenye tasnifu nikaandika "marehemu" mbele ya jina lake. Kwenye kipeperushi cha onyesho wakaandika kwamba ngoma hii ni kumbukumbu ya kiongozi wake wa mwisho, na jina lake likachapwa kwa herufi kubwa. Siku ya onyesho, adhuhuri, ukumbi mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili ya mtu ambaye wakati huo huenda alikuwa akipepeta mchele kibarazani kwake Mahajanga.

Nikacheza. Makofi hayakuisha. Nilipotoka nyuma ya jukwaa, nikamkuta mwanamume mrefu amesimama na kipeperushi mkononi, kimeloa machozi. Nilimtambua kwa paji la uso kabla hajataja jina. Alikuwa Abdou. Kuna mtu alikiona kile kipeperushi Marseille, akampelekea.

"Dada," akasema kwa Kingazija, "mama amekufa lini?"

Profesa alikuwa amesimama pale, ameshika maua yangu. Neno moja tu... neno moja! Kingazija profesa hakijui. Ningeweza kumwambia Abdou lugha yetu wenyewe na mwalimu asifahamu kitu. Lakini niliogopa furaha yake. Mtu akiambiwa mama yake yu hai hafichi, angepiga kelele pale pale.

Nikasema, "Mwezi wa Rajabu."

"Aliteseka?"

"Hapana."

"Alinitaja?"

"Alikutaja."

Akaniangukia begani. Akaniandikia anwani yake kwenye kijikaratasi, akaniomba niende kwenye hitima. Nikaenda! Wanawake wa Kingazija wa Marseille walinikalisha mbele, wakanipa pole, wakanilisha wali. Nikaula.

Kwenye hitima ile alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa akirudi Ngazidja kuishi huko, ila alipita kwanza Nosy Be kuwaaga jamaa. Akawaeleza ndugu zetu jinsi Abdou alivyomlilia mama yake, na jinsi mimi nilivyocheza nikamlilia mbele ya Wafaransa. Ndugu zetu walipigwa na butwaa. Mbona hawakuarifiwa? Wakafunga safari hadi Mahajanga, wanawake sita, na gunia la mchele, na ubani, wakaanza kulia tangu kona ya mtaa. Mlango ukafunguliwa. Mama mdogo akawatokea na kijiko mkononi, akauliza nani amekufa.

Nilisimuliwa kwamba mmoja alizirai. Mwingine alipiga kelele, "Mbola velona! Mbola velona!", kwa Kimalagasi, yaani bado mzima, mpaka mtaa ukajaa. Watu walicheka wiki nzima. Mama mdogo peke yake hakucheka. Aliwaketisha, akawapikia ule mchele wa matanga yake, kisha akamwita jirani mwenye kujua kuandika.

Barua yake ilikuwa fupi, na naikumbuka yote. "Mwanangu, nimesikia nimekufa. Sikuulizi sababu. Nasikia umemwona Abdou na unajua anakokaa. Mimi sina anwani yake. Mwambie mimi ni mzima."

Hakuna tusi. Hakuna laana. Hilo tu aliloomba.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapojichukia. Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu, kwa ghafla. Lakini barua ile niliisoma nimekaa, nina akili zangu, nina anwani ya Abdou mkobani. Kamati ya chuo ilikuwa ikutane baada ya wiki nne kupitisha shahada zetu. Nikajiambia, Abdou akijua atakuja hapa kwa ghadhabu, profesa atajua, shahada itapotea. Wamengoja miaka yote hii, wiki nne ni nini?

Nikaikunja barua. Nikangoja.

Nilipokea cheti siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilikuwa Marseille. Aliyenifungulia ni Mngazija mwenzake wa chumbani. Akaniambia Abdou ameondoka siku kumi na moja zilizopita. Alikuwa amekusudia kwenda Madagaska mwisho wa mwaka ule, likizo ameshaomba, kumtafuta mama yake. "Lakini baada ya msiba," akasema, "alisema hana tena pa kurudi." Akaandikisha mkataba wa miaka miwili kwenye meli ya safari za mbali.

Niliandika barua tatu kwa wenye meli. Sikujibiwa. Nikaacha ujumbe kwa yule mwenzake, nikapanda ndege.

Mama mdogo aliponiona mlangoni hakuniuliza habari za safari. Aliuliza, "Umemwambia?"

Nikapiga magoti, nikamweleza yote, mpaka wiki nne. Alisikiliza huku akichambua mboga. Nilitamani anipige. Alipomaliza mboga akasema, "Basi nenda ukamtafute," akaingia ndani. Kinamama wa ngoma walikata shauri nisikanyage tena chumba cha harusi. Mama mdogo hakuwapinga.

Akafariki kweli masika ya mwaka wa pili. Nilifika kabla hajaoshwa, wakaniambia mikono ya kumwosha inatosha. Nilikaa nje na wapita njia. Na mlango wa tatu? Hakumwachia mtu. Hakuna aliyesimama nyuma yake mwaka ule, kwani baada ya aibu ile yeye mwenyewe aliacha kwenda harusini.

Abdou alikuja miezi mitano baadaye. Yule mwenzake alimpa ujumbe wangu, akaja mbio akidhani atamkuta! Mahajanga wakampeleka kaburini, kisha wakamwelekeza kwangu Ambatoloaka.

Alikuja alasiri moja, akanikuta kwenye ukumbi wa mazoezi nyuma ya hoteli. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alikaa kwenye benchi, akasema sura ya mama yake inampotea, anachokumbuka ni jinsi alivyokuwa akijizoeza ngoma nyumbani, yeye amelala mkekani anamtazama.

"Nichezee," akasema. "Nimwone."

Nikavua viatu. Nikacheza mlango wa kwanza kama alivyonifunza, kwa uaminifu, kila hatua. Nikacheza wa pili. Abdou alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Ukafika wa tatu. Mikono ya Mhindi ilikuwa tayari, mwili ulishaizoea... Ningemchezea, asingejua kamwe, na angeondoka na kitu.

Nikasimama.

"Hapa sijui," nikasema. "Hakunipa."

Alingoja, labda akidhani nitakumbuka. Halafu akachukua mfuko wake akaondoka. Hakunisamehe, nami sikumwomba. Sijapata kumwona tena.

Cheti changu kipo sandukuni. Sijakitundika ukutani hata siku moja. Tasnifu nayo ipo maktabani kule Ufaransa, na wanafunzi wa ngoma za dunia huisoma wakajifunza mlango wa tatu ambao haukuwahi kuwapo.

Ndugu zangu wasomaji, hasa ninyi mnaosoma vyuoni mkaja kuwachukua wazee wenu muwatie kwenye vitabu: mzee akikwambia bado, andika kwamba amesema bado. Haipunguzi kitu! Na wewe ambaye umekwisha danganya, unayengoja kwanza cheti kitoke, au harusi ipite, au kazi ipatikane ndipo useme... mimi nilingoja wiki nne tu. Kama kuna mtu wako anayengoja neno kutoka kwako, usinitumie pole mimi. Weka karatasi hii chini, uende ukamwambie leo.