Taa za Breki

Wewe unayebinua mdomo, ukaubinulie kwenu. Aliyeyaona haya ni shoga yangu fundi cherehani, ambaye hata mumewe hamwogopi.

Binti yake alishikwa na uchungu, naye akakimbilia bandani kukagua gari kabla ya kumpeleka hospitali. Mle ndani giza tupu. Oili aliipima kwa mwanga wa simu, ikatosha. Alipokwenda nyuma, akasikia mlango wa dereva ukifungwa na kiti kikiguna. Akajua ni mumewe.

"Kanyaga breki, mzee!" Taa zikawaka. "Achia!" Zikazima. "Kanyaga tena, au miguu imechoka?" Zikawaka.

"Unamfokea nani?" mumewe akauliza kutoka uani. "Mimi nimemshikilia mwanao huku!"

Shoga akatoka, akafunga mlango wa banda. Binti akalia, "Mama, twende!" Chini ya mlango, wekundu ukazima, ukawaka, ukazima.