Mtu wa Kibarua

Siku Jelagat alipogongana na Wakoli, soko la Kitale lilikuwa limefurika hata pa kutia mguu hakuna. Jelagat alikuwa amebeba kichwani furushi la maganda ya mahindi aliyoyatia rangi nyekundu na manjano, ya kusukia mikoba. Wakoli naye alikuwa akirudi kinyumenyume, akiburuta ngozi ya kushonea viatu. Pu! Maganda yakatawanyika hadi kwenye nyanya za watu.

"Wewe! Macho umekopesha nani?"

"Pole, mlembo." Kijana aliinama akaanza kuokota.

"Mlembo ndio nini?"

"Ni wewe. Kwetu Kimilili ndivyo tunaitanga wasichana kama wewe."

Jelagat alitaka kukasirika, akashindwa. Kijana alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na viatu alivyojishonea mwenyewe, na alikuwa na kicheko cha kumsahaulisha mtu alichotumwa. Maganda hayajaisha kuokotwa, namba ya simu ilikuwa imeshatolewa.

Basi zikawa simu asubuhi, simu jioni. Jelagat alisuka mikoba, Wakoli akaitia mikanda ya ngozi, na watu wakaipenda. Wakoli alifika hadi kwa kina Jelagat, akanywa mursik, yale maziwa yao ya mgando, bila kukunja uso, na mama mtu akaanza kumwita mwanangu.

Waliposikia kuna mikopo ya kuanzishia vijana biashara kule Bungoma, wakaomba, kila mtu ombi lake. Jelagat alitaka kibanda chake mwenyewe. Alikuwa amechoka kuuza chini, mvua ikija anakimbia kufunika mikoba na nailoni.

Siku ya mahojiano yeye ndiye aliyeingia kwanza. Afisa wa mikopo, Bi Rosaline, aliugeuzageuza mkoba, akauliza mikanda ile imeshonwa na nani.

"Ni Wakoli, mchumba wangu," Jelagat akajibu kwa haya.

Akatoka, akaketi kwenye benchi, Wakoli akaingia. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na kila neno lilisikika.

"Huyu Jelagat ni mchumba wako?"

"Huyo? Aka! Namjua tu kwa kazi. Ni mtu wangu wa kibarua, namlipanga."

Halafu akacheka. Kicheko kile kile cha sokoni! Wakoli akapata mkopo. Jelagat akanyimwa, ati amedanganya kuhusu uchumba.

Simu yake ililia siku nyingi kabla hajaipokea.

"Mlembo, asante Mungu umeshika."

"Mimi ni wa kibarua, Wakoli?"

"Si unisikize kwanza, bana! Wachumba wanahesabiwa nyumba moja, mkopo mmoja. Mimi nilijua hiyo sheria. Nikaona tukisema hatuko pamoja, tutapata mbili."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ungekataa. Wewe hujui kudanganya."

"Kwa hivyo ukaamua kunitupa."

"Duka nafungua na huo mkopo ni letu sisi wote. Kuja ufunguzi, mpenzi. Nitakuvisha pete mbele ya watu."

"Na Bi Rosaline utamwambia ukweli?"

"Nitamwambia. Haki ya Mungu."

Jelagat akaenda. Moyo ukipenda una ujinga wake. Alivaa gauni la kitenge la kijani, akasuka nywele upya, na alipofika Kimilili akaiona mikoba yake imetundikwa mbele kabisa dukani. Bi Rosaline alikata utepe. Wakoli akashika maikrofoni, akamshukuru Mungu, wazazi, chifu, na Bi Rosaline mwenyewe. Jelagat akangoja jina lake.

"Na wafanyakazi wangu," Wakoli akamalizia, akinyoosha mkono upande wake bila kumtazama.

Bi Rosaline alikunywa soda, akaaga, akaingia garini. Vumbi la gari halijatulia, Wakoli alikuwa amepiga goti mbele ya Jelagat na pete mkononi. Akina mama wakapasua vigelegele.

"Jelagat, mlembo wangu, utakubali nikuoe?"

"Bi Rosaline ako wapi?"

"Si ameenda sasa hivi..."

"Mpigie simu arudi. Akiwa hapa, piga goti tena, na mimi nitasema ndio."

Vigelegele vikakatika. Wakoli aliliangalia duka. Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wenye simu, ukakwama hapo.

"Mlembo, watachukua pesa yao. Duka litaenda."

"Najua."

Jelagat alingoja. Alitamani sana aitoe ile simu. Hakuitoa.

"Basi inuka, unachafua suruali bure," akamwambia polepole. "Na utafute mtu mwingine wa kusuka. Mimi nilikuwa wa kibarua tu, na kibarua kimeisha leo."

Akaangua mikoba yake yote ukutani, mingine begani, mingine mikononi, akashika njia ya steji ya matatu. Alikuwa bado anampenda. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.