Nani Kamfundisha Nuala Mviringo?

"Mchumba wako anafundishwa na nani siku hizi?"

Eoin, mpiga ngoma, alimuuliza Donal sikioni.

Ilikuwa Jumapili alasiri, kwenye baa ya kijiji chao huko Clare. Wapigaji wameizunguka meza yao ya kila wiki, chai na bia nyeusi zimechanganyika. Nuala alikuwa katikati, amefumba macho, filimbi ya bati mdomoni. Mwaka mzima Donal mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na mwaka mzima pambo la noti liitwalo mviringo lilimshinda. Kidole kinaruka juu kama kimegusa chungu cha moto, kingine kinagonga tundu la chini, noti ileile inarudi imepambwa, na yote hayo kabla mguu haujagusa sakafu.

Leo mviringo ulimtoka kama maji. Ila Donal hukata noti kwa kidole cha pete. Nuala alikuwa anakata kwa kidole cha shahada, halafu pigo la mwisho analichelewesha kidogo, kwa maringo.

"Pambo hilo nalijua," Eoin akaendelea kuchokoza. "Hilo ni la Fintan kabisa."

Fintan! Mpenzi wa zamani wa Nuala! Chai ikamgeukia Donal kuwa shubiri. Huku pambo la filimbi ni kama lafudhi, linamtaja aliyekulea. Na kila Jumanne Nuala alikuwa anarudi nyumbani ananukia moshi wa mboji kavu ya kuwashia moto, akiulizwa anasema alipitia kwa shoga yake. Wiki iliyopita Donal aliuona ujumbe kwenye simu ya Nuala, namba haina jina:

"Jumanne njoo mapema. Nitakuwa peke yangu."

Siku ile aliirudisha simu mezani. Sasa aliinuka, akamwita Nuala watoke.

Garini hata mkanda hakufunga.

"Nani kakufundisha?"

"Umeusikia, eh? Umeupenda?"

"Nuala, nimekuuliza nani."

"Nitakwambia Jumamosi, tukishafunga ndoa."

"Kwa nini isiwe sasa?"

"Kwa sababu sasa umenikunjia uso hivyo."

"Ni Fintan."

Nuala alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Donal, unasema kweli?"

"Mimi nakufundisha mwaka mzima huwezi. Yeye kakufundisha Jumanne ngapi? Na katikati ya masomo mnapumzikia wapi?"

Nuala alifungua mlango.

"Sikiliza wewe. Mwanamume anayehesabu vidole vyangu kutafuta bwana, mimi siolewi naye. Kamwambie padri."

Akashuka, akashika njia ya kilimani kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha, na Donal, kwa kiburi chake, hakumfuata. Alipiga simu.

"Fintan! Unamfundisha nini mchumba wangu?"

"Eh, salamu kwanza, bwana. Mke wangu yuko hapa anakusikia."

"Usinichezee. Anakata kwa kidole cha shahada, anachelewesha pigo. Huo ni mviringo wako."

Sasa utani ulimtoka Fintan.

"Donal, unajua mimi nilijifunzia wapi?"

"Najuaje?"

"Jikoni kwenu. Ulipohamia mjini Limerick, mimi ndiye niliyekalia kiti chako. Mviringo huo ni wa baba yako, ndugu yangu. Umesikia sauti ya nyumbani kwenu, ukadhani ni mwizi?"

"Mzee hapigi tena."

"Hapigi mbele za watu. Tangu siku ile."

Siku ile Donal alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Palepale mezani, baa imejaa, baba yake, mzee Packie, alimwambia kwa sauti: "Weka chini filimbi, unatuharibia wimbo." Watu walicheka. Donal aliondoka na hakumwita tena baba. Alijikaza asikumbuke hata namna mzee anavyopiga, akafaulu. Na harusi ilipokaribia alimwambia Nuala: "Akikanyaga kanisani, mimi natoka."

Sasa alikata simu, akaendesha kupanda kilima, kwa mzee.

Mzee Packie alifungua mlango. Moshi wa mboji ulimtangulia. Nyuma yake Nuala alikaa karibu na moto, nywele zinachuruzika, taulo mabegani.

"Kumbe ni hapa," Donal alisema.

"Ulitaka iwe wapi?" Nuala akamjibu. "Au nikuombe radhi kwa kukuvunjia amri?"

"Kwa nini ulinificha?"

"Ungenikataza. Nilitaka mtu mmoja wa damu yako aniingize kanisani kwa wimbo. Akasema hawezi peke yake, mikono inatetemeka, basi tupige wawili."

Donal alimgeukia mzee.

"Mimi ulinifukuza mezani. Huyu kwangu ameshindwa mwaka mzima, kwako ameweza. Mbona kwake una subira?"

Mzee aliitazama mikono yake.

"Kwa sababu kwako sikuwa nayo. Niliona alivyokuwa anakosea, nikakuona wewe. Kila nikisema 'tena, polepole', nilikuwa nakwambia wewe. Nilikuaibisha, Donal. Hukuwa unaharibu wimbo. Mimi nilikuwa nimelewa."

Donal akaona haya mara mbili: ya baba, na ya mwanamke aliyeloa kwa ajili yake.

"Nuala, nisamehe. Nilikosea vibaya."

"Kesho nikipiga wimbo usioujua, utanitafutia bwana mwingine?"

"Nitakuuliza. Na ukinijibu nitaamini."

"Maneno hayo ni matamu. Mimi nataka moja tu." Alimwonyesha mzee kwa kidevu. "Mwalike. Kwa mdomo wako, mbele yangu."

Donal alisogea mbele ya mzee.

"Baba," alisema. "Jumamosi uje."

"Nije na filimbi?"

"Njoo nayo."

Mzee alijifuta macho kwa mkono wa sweta. Nuala alivua taulo, akamtupia Donal kifuani.

"Haya, nikaushe nywele. Harusi ipo."